Saratani ya urithi: tusiusahau upande wa baba

Muulize mtu wa Pwani ni nani katika ukoo wake aliugua saratani ya matiti. Atakutajia mama, nyanya na mama mdogo. Shangazi hamtaji. Mshauri wa jeni huuliza pande zote mbili, na kazi yake huanza kwa kalamu na karatasi: huchora ukoo wa vizazi vitatu, nani aliugua, ugonjwa gani, akiwa na umri gani.

Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kuwa baadhi ya familia hurithishana saratani hii kupitia jeni iliyo katika kromosomu ya 17. Hitilafu katika jeni hiyo, BRCA1, au mwenziwe BRCA2, hubebwa na mwanamume sawa na mwanamke. Baba anaweza asiugue maisha yake yote, lakini kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Binti aliyeirithi ana uwezekano wa zaidi ya asilimia 60 kuugua.

Saratani za matiti za urithi ni kama 5 hadi 10 tu kwa kila 100, kwa hivyo mshauri hakimbilii kipimo. Kwanza hueleza jibu litabadilisha nini: uchunguzi wa mapema, upasuaji, kuwaambia ndugu. Hilo la mwisho ndilo zito kwetu, tunaoficha ugonjwa hata baada ya maziko.

Kijana aliyesomea uuguzi au bayolojia aifikirie kazi hii. Marekani husomewa shahada ya uzamili tangu 1969. Yataka sayansi, na yataka mtu awezaye kumuuliza mzee habari za marehemu dadake bila kumvunjia heshima.