Kabla ya kukodi fremu, uliza ukuta umefungwa na nini

MBARARA. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, ardhi ilitikisika karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, mkoani Kagera, Tanzania. Tetemeko hilo lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 16 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vya jirani zilianguka au kupata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Nsunga haiko mbali na Mutukula, mpaka unaojulikana kwa kila dereva wa lori wa njia hiyo. Kutoka hapo hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, ni chini ya kilomita 100 kwa mstari ulionyooka. Mtikisiko ulivuka bila kugongewa muhuri na kusikika hadi Kampala.

Mfanyabiashara anayenunua bidhaa Mbarara na kuziuza Nakivale, au anayevuka Kikagati kwenda Murongo na kurudi, hujua kulinda mzigo dhidi ya mvua, wezi na panya. Ni nadra kuuliza mali yake inalala ndani ya ukuta wa aina gani. Tetemeko likija, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama atabaki na mtaji, au hata na uhai.

Ukanda wa hatari

Upande wa magharibi wa Afrika Mashariki umepasuliwa na Bonde la Ufa, kuanzia Ziwa Albert, kupitia Edward, Kivu na Tanganyika, hadi Nyasa. Pande mbili za bonde hilo zinaachana polepole, milimita chache kila mwaka, na mwamba ukishindwa kuhimili mvutano huo hukatika kwa ghafla.

Kumbukumbu zipo. Machi 20, 1966, tetemeko la Toro liliua watu zaidi ya 150, wengi wao upande wa Bundibugyo. Februari 5, 1994, eneo la Fort Portal lilipigwa tena. Februari 3, 2008, siku ya Jumapili, zamu ilikuwa ya Bukavu na Rusizi, pande mbili za mpaka wa Congo na Rwanda. Baadhi ya waliokufa Rusizi walikuwa kanisani.

Mbarara na Nakivale ziko mashariki ya bonde lenyewe, kwa hiyo hatari yake ni ndogo kuliko ya Kasese au Bundibugyo. Lakini ndogo haimaanishi hakuna. Kagera nayo iko nje ya bonde, na mwaka 2016 iliona.

Hakuna mtaalamu awezaye kutabiri siku wala saa. Wanachofanya ni kukusanya rekodi za matetemeko yaliyopita, kuchora nyufa za ardhi, kusoma vipimo vya mitambo na kupima udongo, kwa kuwa ardhi laini ya bondeni hutikisika kuliko mwamba. Kisha hukadiria kiwango cha mtikisiko ambacho, kwa kawaida, kina uwezekano wa asilimia 10 kuzidiwa katika miaka 50. Hicho ndicho mhandisi hukitumia kupanga nguvu za jengo. Uganda ina kiwango chake cha ujenzi dhidi ya matetemeko tangu 2003, kinachoigawa nchi katika kanda kulingana na hatari.

Kinachoua ni jengo

Mwaka 2010 tetemeko la 7.0 liliua watu zaidi ya laki moja nchini Haiti. Mwaka 2014 Chile ilipigwa na la 8.2, lililotoa nishati zaidi ya mara 50 ya lile, na waliokufa hawakufika 10. Umbali wa kitovu kutoka mijini ulichangia, lakini pia Chile imejenga kwa kanuni kali kwa miongo mingi.

Ukuta wa matofali hubeba vizuri uzito unaoshuka. Tetemeko husukuma kwa ubavu, na hapo tofali lililoshikwa na udongo peke yake halina kitu cha kuling'ang'ania. Kona huachana kwanza, kisha ukuta huanguka nje na paa likafuata.

Mpakiaji yeyote wa mizigo anaelewa jambo hili: marobota yasiyofungwa kamba huporomoka lori likikata kona. Kamba ya nyumba ni mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, ambao mafundi wengi huuita lenta. Ukizunguka bila kukatika, kuta nne hutikisika kama sanduku moja.

Nakivale: 'ya muda' kwa miaka 60

Nakivale ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi Afrika. Leo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine wanauza vitenge, nafaka na simu katika masoko yake. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, si cha kumiliki. Ni vigumu kutia nondo katika ardhi isiyo yako, hivyo mtu hujenga kwa miti na udongo au tofali mbichi, kwa hesabu ya kuondoka kesho. Kesho hiyo imegeuka miaka, na nyuma ya ukuta wa muda sasa kuna mtaji wa kudumu.

Nyumba ya fito yenye paa la mabati si mbaya ikiwa miti haijaoza, maana ni nyepesi na hunepa. Ya kuogopwa zaidi ni ya tofali mbichi nzito, ndefu, isiyo na kitu cha kuifunga.

Mbarara: chini maduka, juu vyumba

Mjini hatari ni ya namna nyingine. Ghorofa nyingi za biashara zina maduka chini, yaliyo wazi mbele kwa ajili ya milango ya chuma, na vyumba vyenye kuta nyingi juu. Ardhi ikitikisika, ghorofa ya chini huwa dhaifu kuliko zote, na nguzo zake hubeba adhabu yote. Nguzo zikiwa nyembamba, ringi za nondo zikiwa mbalimbali, au zege likiwa lilichanganywa na maji mengi, jengo hukaa chini.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka michoro ipitishwe na kamati ya majengo kabla ya ujenzi. Mpangaji ana haki ya kumuuliza mwenye nyumba kama kibali hicho kipo.

Tazama haya kabla ya kulipa kodi

Mkanda wa zege: unazunguka kuta zote, au umeishia juu ya mlango tu?

Kona: kuna nyufa za mshazari? Dirisha liko karibu mno na kona?

Nguzo: nondo zinaonekana, zina kutu? Kuna ghorofa iliyoongezwa baadaye?

Rafu: zifungwe ukutani, mzigo mzito uwe chini. Usipange magunia mbele ya mlango wa kutokea.

Anayejenga mwenyewe Nakivale anaweza kuanza na machache: kuta fupi, vyumba vidogo, paa jepesi, na mkanda wa mbao zilizopigiliwa imara kwenye kona kama hana fedha ya zege na nondo. Mbao zikiunganishwa vizuri huweza kung'olewa na kuhamishwa siku ya kuondoka.