Tanuri la kwanza la vioo: tuangalie nini kabla ya kununua?

Jijini Arusha, karakana ya Shanga hugeuza chupa zilizotupwa kuwa shanga na mapambo. Je, kijana wa Mabawe, wilayani Ngara, anaweza kuanza na tanuri gani kwa fedha kidogo?

Tuanze na umeme. Tanuri dogo la wati 2,000 huvuta takriban ampea 9 kwenye umeme wetu wa volti 230, hivyo soketi ya ampea 13 hulimudu. Likiwaka kwa saa 8, halizidi uniti 16. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU. Tanuri la volti 120 kutoka Marekani usilichomeke moja kwa moja, litaungua.

Pili, joto. Vipande vya chupa huungana kwenye nyuzi 800 hivi za Selsiasi, lakini kazi nyingi huharibika wakati wa kupoa. Kioo kitulizwe kwanza karibu na nyuzi 550, kisha kishuke polepole, la sivyo kitapasuka, pengine siku kadhaa baadaye. Kwa hiyo tunashauri ulipie kidhibiti joto kizuri kabla ya ukubwa. Umeme ukikatika, usifungue mlango.

Na pasipo umeme? Wakrobo wa Ghana husaga chupa, hujaza unga wake kwenye kalibu za udongo na kuchoma kwa kuni. Kikonyo cha jani la muhogo kilichosimikwa katikati huungua na kuacha tundu la shanga. Ukisaga, funika pua na mdomo kwa barakoa. Vumbi la kioo hudhuru mapafu.