Masomo ya Uganda yanawabadilisha vijana wetu

Ndugu wazazi na viongozi, kutoka Mahagi hadi mpaka wa Goli si mbali, na Waalur wako pande zote mbili. Ndiyo maana vijana wetu wengine wanasomea Arua au Kampala. Mwanzo ni mgumu: hapa walifundishwa kwa Kifaransa, kule mwalimu anasema Kiingereza. Lakini ugenini Mhema, Mlendu na Mualur wote wanaitwa Wakongomani tu, wanaazimana daftari. Wakirudi, tunaona hawaogopani haraka. Tunawaomba mwape kiti katika kamati ya amani, wasitumwe kuleta viti tu! Tena chungeni diploma yao ya Serikali. Shahada ya Uganda nayo inaombewa ulinganifu Kinshasa, na hiyo inachukua muda.