Mfumo umegoma siku ya mwisho: Kinachoendelea nyuma ya ukurasa wa "HTTP Status 500"

Saa nne na nusu usiku, siku ya mwisho ya kusajili masomo, mwaka wangu wa tatu chuoni. Nimebonyeza "Wasilisha" kwenye simu, kaduara kakazunguka weee, halafu ukaja ukurasa mweupe wenye mkanda wa bluu iliyofifia, maandishi "HTTP Status 500", na chini kabisa jina "Apache Tomcat". Grupu la WhatsApp la darasa likawaka moto. Kesho yake dirishani tukapewa sentensi moja tu: mfumo ulikuwa chini. Faini ya kuchelewa tukalipa sisi.

Ule ukurasa sijausahau. Nilipoanza kuandika habari za teknolojia nikamwomba jamaa yangu anayesimamia seva aniruhusu nikae pembeni yake siku mfumo ukigoma. Niliyoyaona ndiyo haya. Kama wewe ni fundi wa IT unayeanza kazi, au umeachiwa seva na mtu aliyehama ofisi bila kukuachia maelezo, soma hadi mwisho. Kama wewe ni mtumiaji tu, angalau utajua unachodanganywa.

Tomcat ni nini hasa

Tomcat, yaani paka dume, ni programu ya bure inayokaa kwenye seva na kuendesha mifumo ya mtandaoni iliyoandikwa kwa lugha ya Java. Ilianzia kampuni ya Sun Microsystems, mikononi mwa James Duncan Davidson, ikakabidhiwa kwa Apache Software Foundation mwaka 1999. Wewe unabonyeza kwenye simu, ombi lako linafika kwa Tomcat, yeye anaupa mfumo kazi, mfumo unaenda kwenye kanzidata, jibu linarudi.

Usidhani ni kitu cha mbali. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, unaendeshwa juu ya Tomcat. OpenMRS, ule wa mafaili ya wagonjwa, vilevile. Tomcat ya namna hiyo ikigoma, kuna muuguzi mahali anarudi kwenye daftari.

Usiizime kwanza

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kuzima na kuwasha. Presha ni kubwa, bosi yuko mlangoni, simu hazikatiki. Unaizima, unaiwasha, inakubali, kila mtu anapiga makofi. Baada ya saa mbili imegoma tena, na ushahidi uliokuwa kwenye memori umeshafutika.

Anza na logi. Kama Tomcat iliwekwa kwa mkono, angalia folda ya logs ndani yake, mara nyingi /opt/tomcat/logs. Kama iliwekwa kwa apt kwenye Ubuntu, tafuta /var/log/tomcat9 au namba ya toleo lako. Faili kubwa ni catalina.out. Fungua dirisha la amri, andika:

tail -f catalina.out

Halafu rudia lile tendo linaloleta kosa. Utaona mistari mingi inamwagika. Wengi wanasoma wa kwanza na kukata tamaa. Shuka chini, tafuta maneno "Caused by". Yakiwa mengi, la mwisho ndilo kwa kawaida chanzo chenyewe. Yaliyo juu yake ni kelele tu za majirani.

Jina la aliyekuletea ukurasa wa kosa nalo linasema kitu. Seva nyingi zina Nginx mbele, kama mlinzi wa geti. Ukiona 502 yenye jina la nginx, Tomcat imezimika au haifikiki. Ukiona 504, Tomcat ipo ila imechelewa kujibu. Nginx kwa kawaida inasubiri sekunde 60 kisha inachoka. 500 yenye jina la Tomcat maana yake Tomcat mzima, ila mfumo wenyewe umeanguka ukiwa kazini.

404 inachosha kuliko inavyostahili. Ukipandisha faili linaloitwa usajili.war, anwani yake itakuwa /usajili, na kwenye Linux "Usajili" na "usajili" ni vitu viwili tofauti. Ukitaka mfumo ufunguke bila jina mbele, faili liitwe ROOT.war, kwa herufi kubwa. Lakini kuna 404 nyingine: jina ni sahihi, ila mfumo ulishindwa kuwaka. Kwenye logi utakuta "One or more listeners failed to start". Hapo fungua faili linaloanza na localhost na tarehe ya siku hiyo. Sababu imo humo, siyo kwenye catalina.out, na sijui ni watu wangapi wamepoteza usiku mzima kwa kutolijua hilo.

Tomcat ikikataa kabisa kuwaka na kuandika "Address already in use", kuna kitu kimeshika poti yake, kwa kawaida 8080. Mara nyingi ni Tomcat ileile iliyowashwa mara mbili. Amri ya sudo ss -ltnp itakuonesha nani ameshika.

Seva iko juu, lakini haijibu

Hili ndilo tatizo lililonikalisha pale kwa jamaa yangu kwa saa tatu. Mfumo wa maombi, jina naliacha, ulikuwa unawaka vizuri asubuhi, ukifika saa tano unaganda. CPU imetulia, memori ipo, logi kimya. Hakuna kosa lolote. Watu wanasubiri tu.

Fikiria mgahawa. Tomcat ina wahudumu wasiozidi 200 kwa mpangilio wake wa kawaida, kwenye server.xml wanaitwa maxThreads. Kila ombi linachukua mhudumu mmoja mpaka limalizike. Jikoni ni kanzidata, na kufika jikoni kuna milango michache: miunganisho iliyofunguliwa tayari na kuwekwa kwenye bwawa. Kwa bwawa linalokuja na Tomcat, usipoandika idadi, milango ni 8. Ndiyo, 8 kwa wahudumu 200.

Nane inaweza kutosha kama kila mhudumu anaingia na kutoka chap. Shida ni pale msimbo unapofungua muunganisho na kusahau kuufunga, hasa kosa linapotokea katikati. Mhudumu ametoka, mlango kauacha umefungwa kwa ndani. Ikitokea mara nane, jikoni hakuingiliki. Na usipoweka muda wa kusubiri, mpangilio wa kawaida ni kusubiri milele. Wahudumu wanapanga mstari mlangoni mmoja mmoja mpaka wote 200 waishe. Hakuna aliyekosea, kwa hiyo hakuna kosa linaloandikwa. Ndiyo maana logi ilikuwa kimya.

Tulijuaje? Kabla ya kuzima, jamaa alitafuta namba ya mchakato wa Tomcat, akaandika:

jstack 2417 > hali.txt

Hiyo 2417 ilikuwa namba ya pale. Yako itakuwa nyingine. Amri hiyo iendeshe ukiwa mtumiaji yuleyule anayeendesha Tomcat, la sivyo inakataa. Inakupa picha ya kila mhudumu na alichokuwa anafanya sekunde ile. Wanaoshughulikia maombi wanaitwa http-nio-8080-exec na namba. Tukawatazama: wa 1, wa 2, wa 3, wote "WAITING", na chini yao neno moja linajirudia, borrowObject. Wote wanaomba mlango. Chukua picha tatu, ukiacha sekunde kumi kati yake; wakiwa palepale kwenye zote, umempata mchawi.

Developa wa mfumo alikuwa ameshatoa ushauri wake kwa simu: pandisha maxThreads hadi 1000. Nauelewa, maana hata mimi ningesema hivyo. Lakini ukiongeza wahudumu bila kugusa milango, unarefusha mstari tu, na kila aliye kwenye mstari anakula memori.

Kilichofanyika ni kufungua context.xml na kuandika haya kwenye sehemu ya kanzidata:

maxTotal="40"
maxWaitMillis="10000"
removeAbandonedOnBorrow="true"
removeAbandonedTimeout="60"
logAbandoned="true"

Milango 40. Anayesubiri zaidi ya sekunde 10 apewe kosa, aache kuganda. Muunganisho uliotelekezwa kwa sekunde 60 unyang'anywe pale milango inapokaribia kuisha. Na ule mstari wa mwisho ndio mtamu: unaandika kwenye logi ni sehemu gani ya msimbo iliyochukua muunganisho na kutokomea nao. Siku mbili baadaye logi ilitaja faili na namba ya mstari. Ilikuwa ripoti ya PDF ambayo maofisa walikuwa wakiipakua kila saa tano asubuhi.

Angalizo: kama una ripoti halali inayochukua dakika tatu, hizo sekunde 60 zitaikata katikati. Na kabla ya kuandika 40, hakikisha kanzidata yenyewe inaruhusu idadi hiyo, hasa kama kuna mifumo mingine inayoitumia.

Memori na diski

Usipoiambia kitu, Java inajipa robo ya memori ya mashine kwa ajili ya vitu vyake. Kwenye seva ya kukodi ya GB 2, hiyo ni kama MB 512, na mfumo mkubwa utalia "OutOfMemoryError: Java heap space". Usihariri catalina.sh. Tengeneza faili jipya setenv.sh ndani ya folda ya bin, uandike:

CATALINA_OPTS="-Xms512m -Xmx1024m -XX:+HeapDumpOnOutOfMemoryError"

Usiwe na tamaa ukaipa yote, maana Java inatumia memori nyingine nje ya hiyo, na Linux yenyewe inahitaji nafasi. Ikibanwa, Linux inaiua Tomcat kimyakimya. Ukikuta Tomcat imekufa bila neno la mwisho kwenye logi, andika sudo dmesg na utafute "Out of memory". Utakuta taarifa ya msiba.

Diski nayo. Tomcat ikiwashwa kwa hati zake zenyewe, catalina.out haijigawi, inakua tu, mwaka mzima, mpaka df -h iseme 100%. Fundi anaona faili la GB 30, analifuta kwa rm, na diski bado imejaa. Sababu ni kwamba Tomcat bado imelishikilia. Lipunguze badala ya kulifuta:

truncate -s 0 catalina.out

Kisha weka logrotate yenye neno copytruncate ili lisijirudie.

Saa tatu zilizopotea

Hili halionekani kama hitilafu, na linaumiza watu. Seva nyingi za kukodi zinakuja na saa za UTC, nyuma yetu kwa saa tatu. Dirisha la maombi lililotangazwa kufunguliwa saa mbili asubuhi linafunguka saa tano. Risiti ya malipo ya saa saba usiku tarehe 1 inaandikwa tarehe 31 ya mwezi uliopita, na mwanafunzi anadaiwa. Ongeza kwenye setenv.sh ileile, ndani ya zile alama za kunukuu:

-Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam

Walioko Kenya waweke Africa/Nairobi.

Milango ya nyuma

Kwa haraka. Februari 2020 lilitangazwa tundu lililopewa jina Ghostcat, CVE-2020-1938, kwenye poti 8009 iliyokuwa wazi kwa mpangilio wa kawaida. Mtu wa nje aliweza kusoma mafaili ya ndani ya mfumo, hata yenye nywila. Lilizibwa kwenye 9.0.31, 8.5.51 na 7.0.100. Toleo lako likiwa chini ya hapo, hamisha leo. Ukurasa wa manager usiuweke wazi kwa dunia nzima, na Tomcat isiendeshwe na root.

Ukihama kwenda 10, jua kwamba majina ya ndani yalibadilika kutoka javax kwenda jakarta, kwa hiyo mfumo ulioandikwa kwa 9 hautawaka ukiutupa tu kwenye webapps. Uweke kwenye folda inayoitwa webapps-javaee, Tomcat itaugeuza yenyewe.

Na wewe uliye na simu tu mkononi, saa nne na nusu usiku, ukurasa mweupe mbele yako: acha kurifreshi. Kila ukibonyeza unaweza kuwa unashika mhudumu mwingine, na yule wa kwanza hajaachiwa hata kama umefunga ukurasa. Piga picha ya skrini inayoonesha saa na ile namba ya kosa, uitume kwa wahusika usiku huohuo kwa barua pepe. Kwa saa hiyo fundi anaweza kuufikia mstari wako kwenye logi, na ukiitwa dirishani kulipa faini utakuwa na cha kuonesha. Mimi sikuwa nacho.