Je, Wajua? Si Kila Anayeyumba Amelewa

Je, wajua kuwa mwenye kisukari anayeyumba, anayetokwa na kijasho chembamba na kujibu ovyo huenda hajagusa pombe? Sukari yake ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, ubongo huanza kukosa nguvu. Mara nyingi amechoma insulini au kumeza vidonge vya kisukari vya glibenklamaidi, kisha mlo ukachelewa. Tafadhali, usimcheke. Mkorogee vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haifai kitu hapa, na chokoleti hukawia kwa sababu ya mafuta yake. Apime sukari tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimmiminie chochote mdomoni: mlaze ubavu, mwahishe hospitali.