Nishati ya Risasi na Mahali Inapopiga

Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi na nishati ya takriban jouli 2,700. Bunduki nzito za mitutu miwili za zama hizo, kama zile za aina ya .470, zilifikia karibu jouli 7,000.

Bell alitegemea elimu ya mwili wa mnyama. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi. Ubongo huo una kilo 5 hivi tu, umejificha nyuma kabisa ya kichwa, na mbele yake kuna mfupa mnene wenye vijishimo vya hewa. Risasi ikiufikia, tembo huanguka papo hapo. Ikiukosa, hata ikiwa nzito kiasi gani, huenda akainuka na kutokomea porini na jeraha lake.

Nishati hutokana na uzito na kasi, na kasi ikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Kazi yake ni kuvunja mfupa, kuchana nyama na kufika ndani. Lakini mnyama hufa haraka kwa njia mbili tu: ubongo au uti wa mgongo wa shingoni uharibiwe, au damu iache kufika kichwani.

Kwa kuwa ubongo ni mdogo na kichwa hakitulii, mwindaji makini hulenga moyo na mapafu. Nyati akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kupanda juu hadi theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili. Hata akipigwa hapo anaweza kukimbia makumi ya mita, maana ubongo bado una oksijeni ya sekunde chache. Akigeuka mshazari, alama ileile ya ngozi inaweza kuipeleka risasi tumboni.

Damu itasema. Nyekundu ya kung'aa yenye povu imetoka mapafuni. Iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa imetoka tumboni, na mnyama huyo anaweza kuteseka kwa saa nyingi.

Sheria ya Ujerumani inadai jouli 1,000 kwa umbali wa mita 100 kwa paa wadogo, na 2,000 kwa wanyama wakubwa wenye kwato. Ni sharti la haki, kwa sababu wenye shabaha ya Bell ni wachache. Ila bunduki inayompiga mwindaji teke hadi afumbe macho kabla ya kufyatua haimsaidii mnyama hata kidogo. Chagua kubwa unayoimudu, isiyopungua kiwango cha sheria, ujizoeze nayo kabla ya msimu, na mnyama asipogeuka ubavu, mwache aende.