Usimtupe paka kwa sababu ya kochi

MARANI, katika Kaunti ya Kisii, ni sehemu ya nyanda za juu ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mashamba ni madogo. Mahindi yanayovunwa mara nyingi huwekwa papo hapo nyumbani, na palipo na mahindi hapakosi panya. Ndiyo sababu paka ni mtumishi muhimu.

Lakini mtumishi huyu huweza kuzua ugomvi sebuleni. Mama amengoja zamu yake katika chama hadi akanunua makochi, akayafunika kwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Mwezi haujaisha, paka amechana ubavu wa kochi hadi sponji iko nje. Hukumu hutolewa mara moja: atiwe guniani akatupwe mbali!

Je, msomaji, hiyo ni dawa? Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Panya wakitawala, sumu hununuliwa, na sumu ni hatari kwa mtoto anayetambaa na kuokota kila kitu.

Ukweli ni kwamba paka hakwaruzi kwa ukaidi. Kwa kukwaruza, yeye huambua ganda kuukuu la kucha, hunyoosha misuli ya mgongo na mabega, na huacha harufu kutoka kwenye nyayo zake kuonyesha kwamba hapo ni pake. Mchana, paka wa Marani ana miti ya kukwaruza nje. Usiku akifungiwa ndani, au akipelekwa kwa jamaa wanaoishi ghorofani Nairobi, hana mti ila kochi lako.

Basi mpe mti wake. Tafuta gogo lenye urefu wa karibu mita moja, ili paka aweze kusimama na kujinyoosha. Mwombe seremala aligongomee kwenye ubao mpana na mzito, kwani likiyumba hata mara moja paka ataliogopa. Lizungushie kamba ya mkonge kwa kuibana sana, au lifunike kwa gunia.

Usilifiche gogo jikoni. Liweke kando ya kochi lililochanwa, kisha funika ubavu wa kochi kwa karatasi ya nailoni, kwa kuwa paka hapendi kukwaruza kitu kinachoteleza. Paka hujinyoosha aamkapo, hivyo karibu na anapolala pia ni mahali pazuri. Akiligusa gogo, mtupie omena mmoja papo hapo. Akishalizoea, lisogeze kidogo kidogo kila siku hadi unapotaka likae. Paka wengine hupenda kukwaruza chini. Huyo mtandikie gunia sakafuni.

Usimpige, wala usimshike miguu kumlazimisha. Paka aliyepigwa hajifunzi kuacha kochi. Hujifunza kukuogopa wewe, na hungoja utoke. Na gogo likichakaa usiharakishe kulitupa, maana hilo lenye harufu yake ndilo alipendalo zaidi.

Kuna wanaouliza kama paka anaweza kung'olewa makucha. Jambo hilo si kukata kucha tu, bali ni kukata kiungo cha mwisho cha kila kidole, na huweza kumwachia maumivu ya muda mrefu. Jimbo la New York, Marekani, lilipiga marufuku tendo hilo mwaka 2019. Paka asiye na makucha atamkamataje panya? Ukitaka, punguza ncha nyeupe ya kucha pekee, bila kugusa sehemu ya waridi yenye damu. Kama huna uhakika, mwone daktari wa mifugo.

Gogo, kamba na misumari michache haviwezi kulinganishwa na bei ya kochi jipya. Mwanafunzi aliye likizoni anaweza kuvitengeneza kwa siku moja. Jaribu, msomaji, kabla hujachukua lile gunia.